Aliyevuka Malaba ni wa Nani?

Wiki ya kwanza ya Januari 2008, Mkenya aliyechomewa nyumba karibu na Eldoret alikuwa na pande mbili za kukimbilia. Akielekea Nakuru na kulala katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, aliandikwa kuwa mkimbizi wa ndani. Akidandia lori la kwenda Malaba, akavuka mpaka na watoto wake na godoro kichwani, aliandikwa kuwa mkimbizi. Moto uliowatoa wote wawili ulikuwa mmoja. Huenda hata walikuwa wamepakana ua kwa ua. Lakini tangu saa ile kila mmoja aliingia katika daftari lake, na nijuavyo mimi madaftari hayo mawili hayakufunguliwa juu ya meza moja.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka, pengine kuliko inavyofaa, kwa sababu mimi ni mtu wa mpakani na mpaka haujawahi kunitisha. Nimezaliwa Busia, upande wa Kenya. Shangazi yangu aliolewa Mulanda, wilaya ya Tororo, kwa Wapadhola. Huku kwetu hilo si ajabu: Wasamia wako pande zote mbili, Wateso vilevile, na mpaka wenyewe ni mgeni wetu tu. Hadi 1902 hata Kisumu ilihesabiwa kuwa Uganda, kisha wakoloni wakaukata mkoa mzima wakautia katika himaya ya upande wa pili. Tumezika na kuozana juu ya mstari huo bila kuuliza ruhusa ya mtu. Tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinatosha kuvukia, na tangu 2018 jengo la mpakani Busia ni la pamoja, maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Kwetu kwenda nje ya nchi kulikuwa kwenda kununua ndizi.

Ndiyo maana sikuelewa haraka kilichowapata watu wale. Niliwaona wakishuka kwenye malori, nikawahesabu kama wageni waliofika kwa jamaa. Kumbe walikuwa wamepoteza kitu ambacho mimi sikuwa najua kuwa ninacho.

Kura ilipigwa tarehe 27 Desemba 2007, matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30, na kabla ya jua kuzama nchi ilikuwa inawaka. Siku ya mwaka mpya lilichomwa kanisa la Kiambaa, nje ya Eldoret, na waliojificha ndani yake. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu waliouawa nchi nzima kuwa 1,133. Waliohama makwao walikuwa mamia ya maelfu, na karibu wote walibaki ndani ya Kenya. Waliovuka kuingia Uganda ni wachache wakilinganishwa na hao. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, lilikadiria watu wapatao 12,000. Walilala madarasani Malaba, makanisani, kwenye baraza za maduka, na kwa watu wasiowajua. Shule zetu upande wa Kenya zilichelewa kufunguliwa muhula ule, kwa hiyo mimi mwalimu sikuwa na kazi nyingine ila kushangaa na kubeba maji.

Kisha wakahamishiwa Mulanda. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unasema mkimbizi akalishwe mbali kiasi na mpaka wa nchi aliyoikimbia, kwa usalama wake na wa majirani, na Uganda ikafanya hivyo. Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo yenye dhamana ya wakimbizi Uganda, ikashirikiana na UNHCR. Msalaba Mwekundu wa Uganda ukaleta wahudumu. Yakapigwa mahema meupe mahali ambapo watu walizoea kuona mihogo na mtama. Kambi iliitwa ya muda, ya kupitia tu. Baadaye waliosalia walipelekwa Kiryandongo, mbali sana, upande wa magharibi wa nchi.

Sasa, msomaji asiyezijua nchi hizi hataiona kejeli iliyokuwa mle. Wengi wa wale wakimbizi walikuwa Wakikuyu. Wapadhola ni Wajaluo kwa asili. Masimulizi ya wazee yanasema Adhola na Owiny walikuwa ndugu, Adhola akabaki Budama, Owiny akaendelea na safari hadi akawa chimbuko la watu walio Kenya leo. Na katika vurugu zile za Kenya, siasa ilikuwa imewagawa Mjaluo na Mkikuyu hadi panga. Fikiria basi mama aliyeponea chupuchupu, anashushwa kwenye lori usiku, anasikia wenyeji wakizungumza, na lugha inayofika masikioni mwake ni kama ile aliyoikimbia. Shangazi anasema walioshuka hawakuwa wakitazama mtu usoni. Walitazama mikono.

Shangazi ndiye aliyenifundisha nusu ya ninayoyaandika hapa, ingawa yeye mwenyewe angekataa kuwa amefundisha chochote. Hakwenda kambini kwa huruma. Alikwenda kuangalia kama kuna biashara. Alikuta mwanamke wa makamo ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanga yake imeungua upindo, anamlisha mtoto uji bila sukari. Wakasalimiana kwa Kiswahili, Kiswahili cha shangazi kikiwa cha soko la Busia na cha yule mama kikiwa cha duka la Eldoret. Jumatatu iliyofuata yule mama alikuja nyumbani kuomba palizi. Akapalilia, akala, akapewa mtama wa kwenda nao. Akarudi na mwenzake. Mpaka masika yanaanza, shangazi alikuwa na watu wa kambini mezani kwake karibu kila siku, na mume wake, mzee asiyependa maneno, alikuwa ameacha kuuliza ni akina nani.

Sitaki kuupaka asali ukarimu huu. Ulikuwa na mwisho. Ghala lilipoanza kuonyesha sakafu, majirani walisema wazi kwamba wale wa kambini wanapewa maharage, mafuta na sabuni na Umoja wa Mataifa, na sisi wenyeji wenye watoto wanaougua malaria vilevile hatupewi hata dawa ya mbu. Palikuwa na wizi wa mihogo, na kila mhogo ulioibwa ulisemekana umeibwa na Wakenya. Kuni zilipungua. Ukarimu wa maskini huwa wa kweli, lakini una kina chake, na anayeutegemea kama sera ya nchi anajidanganya.

Nilikwenda Mulanda kumsalimia shangazi, nikamkuta yule mama wa Eldoret shambani. Tulikaa kivulini. Aliniita Mwalimu, nami nilimwita Mama, ingawa hatukupishana sana kwa umri. Alikuwa na duka la jumla na ng'ombe wa maziwa. Kitambulisho chake kiliungua ndani ya nyumba. Akiba yake ilikuwa benki, Kenya, na benki haitoi pesa kwa mtu asiye na kitambulisho. Kwa hiyo alikuwa tajiri kidogo upande mmoja wa mpaka, na upande wa pili alikuwa mtu wa kupalilia kwa kopo la mtama.

Nikamwambia kwa wepesi wa mtu aliyelala kwake: "Mama, si uende ubalozi wa Kenya, Kampala? Wewe ni raia. Watakusaidia."

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maiti haiamki. "Mwalimu, watu wa Nairobi wakizungumza nasi, neno lao ni moja: rudini nyumbani, nchi imetulia. Kurudi wapi? Aliyenichomea anakaa palepale, na ng'ombe wangu wako zizini kwake. Nikienda kuandikisha jina kwao, nitakuwa nimesema nimekubali."

Hapo ndipo nilipoanza kuliona jambo lenyewe. Tunaposema serikali iwasaidie raia wake walio taabuni ugenini, tunadhani taabu imetoka huko ugenini: mwajiri katili, vita vya watu wengine, ugonjwa, jela. Serikali katika picha hiyo ni mzazi aliye mbali. Lakini Mulanda taabu ilitengenezwa nyumbani. Mzazi ndiye aliyeshindwa kumlinda mtoto, na sasa mzazi huyohuyo anabisha hodi kwa jirani akisema njoo nikufunike. Mtoto hana kiburi akisita. Anakumbuka tu.

Sheria za dunia zinalijua hilo, na zimeliandika kwa namna ambayo mtu wa kambini huihisi kabla ya kuisoma. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mambo ya kibalozi unasema kazi mojawapo ya ubalozi ni kuwasaidia raia wa nchi yake. Ukikamatwa ugenini, una haki ya kuambiwa bila kuchelewa kuwa ubalozi wako unaweza kujulishwa. Hiyo ni sheria ya raia. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 nao unasema mtu akijirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia, ukimbizi wake umekoma. Hiyo ni sheria ya mkimbizi. Zisome pamoja uone zinavyombana yule mama: mlango wa ubalozi uko wazi kwake kama Mkenya, na akiuingia kwa nia ya kulindwa, anaanza kufunga mlango wa hema lake. Wanasheria watasema kuomba karatasi moja hakutoshi kumvua mtu ukimbizi, na ni kweli. Hutazamwa hiari, nia, na kama ulinzi umepatikana kwa hakika. Lakini nani kambini ana mwanasheria? Kambini kuna uvumi, na uvumi wa Mulanda ulisema ukionekana ubalozini jina lako linafutwa.

Kwa hiyo alikaa bila kitambulisho, na benki ikakaa na pesa zake.

Nimesema sikuelewa watu wale wamepoteza nini. Walipoteza mahali pa kudai. Shangazi alimpa mtama, naye akasema asante. UNHCR ilimpa turubai, akasema asante. Msalaba Mwekundu ulimpa blanketi, asante tena. Kutwa nzima alishukuru, na kushukuru kutwa kunachosha kuliko kupalilia. Kwao alikuwa na mahali ambapo angeweza kugonga meza na kusema hii ni haki yangu, kodi nimelipa, kura nimepiga. Haikuwa na maana kwamba angepewa. Lakini angeweza kugonga. Ugenini huna meza ya kugonga, hata wenyeji wakiwa malaika.

Wakati huohuo, upande wa Kenya meza zilikuwa zimeanza kupangwa. Mkataba wa kugawana madaraka ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan akiwa msuluhishi, na mwezi Mei serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Kila kaya iliyohama iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 za kujenga upya kwa waliobomolewa. Zilikuwa pesa chache, zilicheleweshwa, na wako waliozipata bila kuungua hata mlango. Hayo yote yalisemwa sana magazetini. Ila yalisemwa. Mtu wa kambi ya Nakuru alikuwa na mbunge wa kumsuta, mwandishi wa habari wa kumpiga picha, na barabara kuu ya kuifunga kwa mawe. Baadaye, 2012, ikapitishwa hata sheria maalumu ya kuwalinda na kuwasaidia wakimbizi wa ndani. Wa ndani. Soma neno hilo ukiwa umeketi Mulanda.

Yule mama hakwenda Kiryandongo. Alirudi kimyakimya, akapita Malaba kama mtu aliyetoka sokoni, akapanga chumba katika mji ambao hakuwahi kuishi. Aliponisimulia kwa simu miaka michache baadaye, alikuwa anacheka. Alikwenda kujiandikisha katika ofisi moja, karani akamuuliza alikuwa kambi gani. Akasema Mulanda. Karani akapitisha kalamu juu ya orodha yake kutoka juu hadi chini, akamwuliza Mulanda iko kaunti gani.

Simlaumu karani. Orodha aliyopewa iliishia mpakani. Na ule mkataba wa Afrika wa 1969, ambao watu huukumbuka kwa habari ya kupokea wakimbizi tu, una kifungu kinachosema anayerudi kwa hiari asaidiwe kwa kila njia, na nchi aliyoikimbia ikiwa mojawapo ya wanaotakiwa kumsaidia, na asiadhibiwe kwa kuwa aliondoka. Kutokuwapo katika orodha ni adhabu, hata kama hakuna aliyeitamka.

Orodha. Huko ndiko mawazo yangu yamekuwa yakirudi, kwa sababu nimeiona hadithi hiyohiyo ikirudi kwa sura nyingine, safari hii ikitokea upande wa Uganda.

Mapema 2016 Uganda ilizuia wasichana kupelekwa Saudi Arabia kufanya kazi za ndani, baada ya malalamiko ya mateso. Mwaka uliofuata zuio likaondolewa. Kenya nayo ilikuwa imepitia zuio la aina hiyo miaka michache kabla. Zuio lilitangazwa kwa nia njema, sina shaka. Lakini sisi tunaoishi hapa tuliona lilivyofanya kazi. Mabinti walioondolewa kwenye foleni ya uwanja wa ndege wa Entebbe walionekana Busia na Malaba, wanavuka na mikoba midogo, wameambiwa na ajenti waseme wanamtembelea dada Nairobi. Nairobi walipanda ndege. Njia za panya ambazo babu zetu walizitumia kwa magendo ya kahawa na sukari zilipitisha watu.

Binti wa jirani wa shangazi alikuwa mmoja wao. Simtaji jina, wala mji aliofikia. Alikwenda kwa mfumo ule wa kafala, ambao kibali chako cha kukaa nchini kimefungwa kwa mwajiri wako, ukimkimbia umevunja sheria hata kama yeye ndiye anayekupiga. Pasi yake ya kusafiria ilikaa kabatini kwa tajiri wake. Alipopata nafasi ya kupiga simu, baba yake alifunga safari kutoka ofisi hadi ofisi Kampala, na kila mahali swali lilikuwa moja: alikwenda kwa kampuni gani? Kampuni zenye leseni zinajulikana, zimeweka dhamana, zinaweza kushikwa shati. Yeye alikwenda kwa mtu aliyeitwa Anko. Katika vitabu vya nchi yake hakuwa ametoka.

Tazama basi kinyume chake. Mama wa Eldoret aliogopa kuandikwa na serikali yake. Binti wa Mulanda alikuwa analia aandikwe. Mmoja alikimbia kwao, mwingine anatamani kwao. Lakini wote wawili walikwama palepale, kwenye daftari lisilokuwa na jina lao. Na wote wawili waliokolewa na jirani. Binti alifichwa na wanawake wa Kenya na Uganda waliokuwa wakipanga chumba kimoja katika mji ule, wakachangishana, na huku nyumbani ukoo ukachanga kupitia simu, shilingi elfu tano, elfu kumi, mwingine akauza mbuzi. Alirudi akiwa hai. Deni la tiketi lilikaa katika familia ile muda mrefu kuliko mkataba aliokwenda kuufanyia kazi.

Wengine hawakurudi hai. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliwaambia wabunge kuwa Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili, na maelezo yaliyotolewa na wenyeji kwa wengi wao yalikuwa moyo kusimama. Kila anayekufa moyo wake husimama. Mzazi aliyempeleka mtoto wa miaka ishirini na kitu mwenye mgongo wa kubeba gunia hawezi kulala kwa jibu hilo.

Wapo watakaosema serikali zetu ni maskini, haziwezi kumfuata kila mtu. Nakubali nusu. Vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, Kenya na Uganda ziliwatoa raia wao kwa haraka ya kutosha. Waganda walipakiwa mabasi hadi Ethiopia, wakapanda ndege hadi Entebbe, wakapokewa. Waliokuwa huko walikuwa wanafunzi na watu wa kazi zinazojulikana, majina yao yakipatikana, na dunia nzima ilikuwa inatazama. Serikali zinaweza. Huweza zaidi pale mtu anapohesabika na aibu inapoonekana.

Wafilipino walijifunza hilo kwa uchungu. Machi 1995 mwanamke wao mmoja, Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani, alinyongwa Singapore, na hasira iliyolipuka nyumbani ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka huohuo walipitisha sheria nzima ya kuwalinda wafanyakazi walio ng'ambo. Walikuwa tayari na mfuko wa ustawi ulioanza 1977: kwa kila mkataba hulipwa dola 25, na mfanyakazi akipatwa na shida kuna pesa za makazi ya dharura, tiketi, hata maziko. India nayo ina mfuko wa namna hiyo tangu 2009, unaojazwa kwa ada ndogondogo za huduma za ubalozi, na balozi anaweza kuutumia bila kusubiri kikao cha wizara. Kenya ilipounda Idara ya Serikali ya masuala ya Wakenya walio ng'ambo, 2022, nilifurahi; angalau sasa kuna mlango wenye kibao.

Ila mimi napenda zaidi mfano wa India kuliko wa Ufilipino, kwa sababu moja ambayo pengine ni ya kimpakani. Mfuko wa Ufilipino ni wa wanachama: aliyelipa ndiye mwenye haki. Kwa mtu aliyepita uwanja wa ndege na karatasi zake zote hilo ni sawa. Kwa aliyepita kichakani, au aliyekimbia panga na ndoo mkononi, hakuna uanachama. Na sisi huku tuna wengi wa aina hiyo. Msaada wa raia ukidai kwanza uthibitishe kuwa ulitoka vizuri, utawafikia wale ambao wangejiweza hata bila msaada. Najua jibu la wachumi: ukimsaidia aliyepita njia ya panya unawahamasisha wengine wapite. Labda. Sijawahi kukutana na binti aliyekwenda kwa Anko kwa sababu alitumaini kuokolewa na ubalozi.

Lililo gumu zaidi ni la yule mama, na kwake pesa si jibu. Serikali iliyomwangusha raia wake ifanye nini akiwa tayari ameshavuka? Nadhani ianze kwa kupeleka mkono kupitia mikono anayoiamini mwathirika. Mpe UNHCR fomu za vitambulisho, mpe kanisa, mpe Msalaba Mwekundu. Mrudishie mtu karatasi zake na akiba yake palepale alipo bila kumtaka aseme anarudi. Kisha tia jina la Mulanda katika orodha ya kambi, hata kama iko wilaya ya Tororo na haina kaunti. Kumsaidia mtu na kumrudisha mtu ni kazi mbili. Serikali zetu hupenda kuzifunga pamoja kwa sababu raia aliye katika kambi ya jirani ni ushahidi, na ushahidi hutakiwa uondolewe haraka.

Na deni la jirani je? Kenya iliwapokea Waganda kwa maelfu katika miaka ya Amin na Obote. Walimu wa Uganda ndio waliofundisha hisabati na Kiingereza katika sekondari nyingi za Kenya wakati ule, mimi mwenyewe nilipitia mikononi mwao. Kabla ya hapo, miaka ya hamsini, Wakenya waliohamishwa kwa sababu ya vita vya Mau Mau walikalishwa Kigumba, si mbali na huko huko Kiryandongo walikopelekwa wajukuu wa taifa lao. Kwa hiyo mtu anaweza kusema hesabu za nchi zimelingana. Za kaya hazijalingana. Waliolishwa na Mulanda hawakuwa wamewahi kuilisha Mulanda.

Shangazi sasa ni mzee. Kila Kenya inapokaribia uchaguzi huacha sehemu ya mihogo ardhini bila kuing'oa, na ukimwuliza anasema ni ya wageni, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua. Alifanya hivyo 2013, 2017, na 2022. Hakuja mtu, mihogo ikakomaa mno ikawa migumu, akawapa nguruwe.

Safari ya mwisho nilimwuliza kama angependa serikali ya Kenya imlipe. Nilitarajia acheke, aseme mambo ya Mungu. Hakucheka. Alinyamaza akipiga hesabu, kisha akasema magunia mawili ya mtama, mbuzi mmoja jike aliyekuwa na mimba, na sufuria kubwa ambayo yule wa Eldoret aliazima siku ya ubatizo na hakuirudisha. "Hiyo sufuria," akasema, "mwambie mwenyewe. Namba yake si unayo?"